Mama anaitaka chikanda ya ujana wake: viazi vyake nitavipata wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Iyunga, Mbeya. Mama yangu ni Mnamwanga, amekulia kule karibu na mpaka wa Zambia, na sasa nakaa naye kwa ajili ya umri na presha. Tangu mwezi uliopita chakula hakimpandi. Kila siku anasema angepata chikanda, kile chakula cha karanga na unga wa viazi vya porini kinachoganda na kukatwa vipande, kama ile aliyokuwa akipikiwa na shangazi yake aliyeolewa Isoka, Zambia, angekula. Nimenunua unga sokoni mara mbili, na mara zote nimeishia na uji wa karanga ambao haugandi hata nikiulaza usiku kucha. Magadi sikutia kwa sababu ya presha yake. Jirani anasema viazi vizuri ni vya Makete na yupo mtu wa kuniletea kwa basi. Nimwagize? Na vikikosekana, niweke nini badala yake?

Jibu: Marahaba dada yangu. Mama naye mpe shikamoo yangu.

Kabla ya sufuria, neno moja kuhusu mama. Mtu wa umri huo kukataa chakula mwezi mzima ni jambo la kupimwa hospitali, hata kama anachokitamani kinajulikana. Mpeleke wiki hii, na ukifika waulize pia kuhusu figo zake, kwa sababu jibu lao litaamua utapika na magadi gani. Nitalirudia hilo mbele.

Sasa uji wako. Nadhani ulikosea mara mbili kwa mpigo: unga wenyewe una shaka, na magadi uliyaacha. Kosa la pili ulilifanya kwa mapenzi, lakini hilo peke yake lingetosha kuharibu kila kitu.

Chikanda, ambayo wengine huiita kinaka, hutokana na viazi vidogo vya okidi za porini, mimea ya maua, zile zinazoota ardhini kwenye majani, hasa za jamii tatu ambazo wataalamu wa mimea huziita Disa, Satyrium na Habenaria. Ndani ya kiazi kuna uteute wa nyuzinyuzi uitwao glukomanani. Huo hunywa maji mengi mno na kufanya uji uwe mzito na wa kuteleza. Lakini kuwa mzito si kuganda. Kinachoufanya ugande ni magadi: glukomanani ikipikwa na kitu chenye ukali wa magadi, nyuzi zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo unapata ile mnofu ya kukatwa kwa kisu, ambayo haiyeyuki tena hata ukiipasha moto kesho yake. Shangazi wa Isoka hakuwa akitia magadi kwa ajili ya ladha tu. Bila hayo, hata unga safi kabisa utakupa uji.

Hofu yako ya presha ni ya haki, ila tuihesabu. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, ile nyeupe ya dukani inayotiwa kwenye keki na inayofanya kazi ya magadi hapa, kina takribani miligramu 1,260 za sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani kina karibu 2,300. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku. Basi tia kijiko kimoja cha soda kwenye sufuria nzima, chumvi iache kabisa, halafu ukate chikanda vipande kumi na sita. Mama akila viwili atakuwa amepata kama miligramu 160. Kipande cha mkate kinaweza kumpa zaidi ya hapo ukijumlisha na chai na mboga. Karanga na pilipili zitaziba pengo la chumvi, na watu wengi hawaulizi.

Wazee wa kwetu hawakuwa na soda ya dukani. Walichoma maganda makavu ya maharage au magunzi ya mahindi, wakaweka majivu kwenye chombo chenye matundu chini, wakamimina maji juu na kukinga yale yanayodondoka, yenye rangi ya chai hafifu. Kama mama anakumbuka ladha fulani ya moshi na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, ni hiyo. Maji haya yana sodiamu kidogo, lakini yamejaa potasiamu, na hapa ndipo figo zinapoingia. Figo zikiwa nzima, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa sufuria ni sawa. Zikiwa na tatizo, au kama anatumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, maji ya majivu usimpe mpaka daktari akubali. Na tafadhali sana, dukani usije ukauziwa kostiki ya sabuni kwa jina la magadi. Ile inaunguza koo.

Tuje kwenye unga. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilinunua unga wa chikanda kwenye soko moja la mkoa huu, nikalipa bei ya kunifanya nijute, na nyumbani nikagundua ni muhogo uliochanganywa na majivu ili upate ule ukijivu. Tangu siku hiyo sinunui bila kupima kwa glasi. Chukua maji baridi glasi moja, tia kijiko cha chai cha unga, koroga, subiri nusu saa. Unga wa muhogo au mahindi hutuama chini, na maji ya juu yanabaki mepesi. Unga wa viazi vya okidi hunywa maji yale, yakawa mazito na ya kuteleza kama mlenda mwepesi, na ukiinua kijiko yanavutika. Ukipata nusu kwa nusu, yaani tope chini na uteute kidogo juu, basi umechanganywa. Muuzaji mwaminifu hatakunyima kijiko kimoja cha kujaribia. Anayekunyima amekwisha kukujibu.

Bora zaidi ni kununua viazi vyenyewe vikavu. Vina ukubwa kuanzia maharage hadi kidole gumba, vimekunjamana, vigumu kama kokoto. Kavunje kimoja: ndani kinang'aa kidogo kama pembe, hakina unga mweupe unaopukutika kama wa muhogo. Kilicho na harufu ya ukungu kiache. Nyumbani vitwange kwenye kinu, chekecha, twanga tena. Mashine ya kusaga mahindi itakupotezea nusu ya mzigo kwenye kuta zake.

Sasa swali la Makete, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndilo linaloniuma. Usimwagize yule mtu. Basi lishuke Mbeya bila mzigo wako.

Okidi ya aina hii ina viazi viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa, kinalisha shina na maua ya mwaka huu. Cha pili ni kipya, kimenona, na hicho ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukichukua kilichonona, na mmea hauna tena cha kuanzia msimu unaofuata. Kila kiazi kilicho mkononi mwako ni mmea mmoja uliokwisha. Na kuotesha mwingine si kama kuotesha maharage: mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake, na haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu fulani wa ardhini wa kuilisha. Inachukua miaka kufikia maua. Ndiyo maana huoni mtu mwenye shamba la chikanda Mbozi wala Makete.

Zambia ndiko ulaji ulikopamba moto. Mabonde yao yalipokwisha wafanyabiashara wakavuka Tunduma, wakaja Ufipa, Umalila, milima ya Poroto, hadi Makete na Njombe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi vinavyotoka nyanda zetu za juu kwenda Zambia vilifika hadi milioni 4 kwa mwaka. Kule Makete sehemu kubwa ya viazi hivyo havikuwa vya kupikwa nyumbani. Vilichimbwa na wanawake na watoto, mara nyingi katika familia zilizokuwa zimepoteza nguvukazi, vikauzwa kwa debe kwa bei ya mchanga. Sehemu ya sababu ya kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005 ni hiyo. Watu wa huko huiita Bustani ya Mungu, na ukipanda kuanzia Desemba hadi Aprili utaelewa jina hilo: kilomita za mraba zipatazo 413 za majani na maua, na aina zaidi ya arobaini za okidi za ardhini, nyingine hazipatikani popote pengine duniani. Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Na mtu anayekuambia "hizi ni za Makete, nje ya hifadhi" hawezi kukuthibitishia, kwa kuwa kiazi kikikauka hakisemi kilitoka upande gani wa mpaka wa hifadhi.

Hata jina la mmea hakisemi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 juu ya viazi vya masoko ya Zambia ulikuta humo okidi za jamii ambazo hazikutarajiwa kabisa, nje ya zile tatu nilizozitaja. Maana yake wachimbaji wamefikia kuchukua chochote chenye kiazi. Wachimbaji wazuri wa zamani walichagua, wakaacha mimea michanga, wakangoja maua yakauke na mbegu zipeperuke.

Hiyo hainifanyi nikuambie mama asile chikanda. Ni chakula cha watu wake, na kiasi anachokihitaji mgonjwa mmoja kinajaa mkononi. Ninachokuomba ni kupata kidogo, kutoka mahali panapojulikana, na kukitumia kwa akili.

Nenda Tunduma, lakini usianze na viazi. Anza na chikanda iliyopikwa. Karibu na mpaka kuna akina mama wanaouza vipande vya kukatwa, vya rangi ya hudhurungi, vyenye vidoa vyekundu vya pilipili. Nunua vipande viwili kwa wapishi wawili tofauti, mpelekee mama, kaa naye wakati anakula, umsikilize. Atasema "hii ina karanga chache," au "hii haikuchomwa juu," au "ndiyo yenyewe." Kumbukumbu ya ulimi wa mzee ni ramani nzuri kuliko ushauri wangu. Inawezekana kabisa safari yote ikaishia hapo, mama akatosheka na kipande cha wiki kwa wiki, na wewe usitwange kitu.

Akitaka ya kupikwa nyumbani, rudi kwa yule mpishi aliyemsifu umuulize viazi anavipata wapi. Mpishi anayeuza kila siku hawezi kumudu unga wa uongo, kwa hiyo ana mtu wake. Uliza vimetoka kijiji gani na vilichimbwa lini. Jibu unalolitaka ni kijiji chenye jina, cha Mbozi au Momba, kwenye ardhi ya kijiji, na ikiwezekana mchimbaji anayejulikana na serikali ya kijiji chake. Kwa upande wa vibali, muulize afisa misitu wa wilaya kabla hujabeba, maana mazao ya porini yana taratibu zake. Mlowo na Vwawa nako hupita viazi kidogo siku za soko. Mwanjelwa mimi siitegemei kwa bidhaa hii: viazi vimeshapita mikono mingi mno kabla ya kufika hapo, na ndiko nadhani uliko­nunua.

Kuvuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na mfuko ni jambo la kuacha. Okidi zote ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali hata zikiwa kavu, hata zikiwa kilo moja ya mama mgonjwa. Na wala usichimbe mwenyewe kwa kufuata picha ya simu. Kwenye majani yale yale huota ua zuri jekundu na njano lenye petali zilizopinda kama miale ya moto, Gloriosa superba. Kiazi chake kina sumu inayoua.

Karanga sasa, ambazo watu huzidharau kana kwamba zipo popote. Kwa uzito, chikanda ni karanga zaidi kuliko okidi, na ladha anayoililia mama kwa sehemu kubwa ni hiyo. Tafuta karanga kavu zisizokaangwa, zenye ngozi nyekundu, ndogo ndogo. Zile za Chunya na Momba nazipenda kwa mafuta yake. Zimwage kwenye ungo uchague moja moja: iliyosinyaa, iliyopasuka, yenye doa la kijani au jeusi, tupa. Usimpe kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na ini la mtu mzima wa miaka hiyo halina haja ya mzigo huo. Zitwange na ngozi zake hadi ziwe unga wenye unyevu, si siagi. Rangi ya chikanda inatoka kwenye ngozi hizo kwa kiasi kikubwa. Pilipili iwe kichaa, iliyokaushwa na kutwangwa.

Kupika kwenyewe. Chemsha maji vikombe vinne, tia karanga zilizotwangwa vikombe viwili na pilipili, koroga, acha zichemke dakika kumi na tano hivi mpaka ubichi wa karanga utoke puani. Punguza moto. Tia soda kijiko kimoja cha chai, angalia isifurike, maana itatoa povu. Kisha nyunyizia unga wa chikanda kikombe kimoja, kidogo kidogo, huku mwiko haupumziki. Ukimwaga kwa pamoja utapata mabonge yasiyovunjika. Ndani ya dakika chache mwiko utaanza kuwa mzito kama wa ugali, na utaona donge linaachana na sufuria. Sawazisha juu, funika na mfuniko wa bati, weka makaa juu ya mfuniko na machache chini, uache dakika arobaini hadi saa nzima. Juu patafanya gamba. Halafu ngoja ipoe kabisa, ndiyo ukate. Watu wengi huharibu hapa: wanakata ikiwa ya moto, inawaangukia, wanasema haikuganda.

Kuhusu mbadala, nitakujibu kwa ukweli. Kitu cha duka la Mbeya kinachofanya kazi ya kiazi cha okidi sawasawa hakipo. Bamia na mlenda vina uteute lakini havigandi na magadi. Ninachofanya mimi ni kupunguza. Badala ya kikombe kizima cha chikanda natia nusu, na robo kikombe ya unga wa muhogo mkavu uliochekechwa vizuri, maji nayapunguza hadi vikombe vitatu, karanga zinabaki viwili. Muhogo natangulia kuukoroga kwenye maji baridi kidogo, nautia baada ya chikanda. Inatoka laini kuliko ya asili, haina ule mvuto wa kurudi ukiibonyeza kwa kidole, lakini inakatika, na iliyolala usiku mmoja ni ngumu kuliko ya siku ile. Wazee wenye meno machache nimewaona wakiipenda kuliko ile nyingine. Nusu ya viazi imebaki ardhini au imebaki kopo­ni kwa mara ya pili.

Viazi vikavu vikiwa kwenye chombo kinachofunga, mahali pakavu, vinakaa msimu hadi msimu. Kwa hiyo kikombe kimoja kinaweza kuwa sufuria mbili za mwaka mzima. Chikanda iliyopikwa iweke kwenye friji na iliwe ndani ya siku tatu. Kwa baridi ya Iyunga mwezi Juni bila friji, siku mbili, si zaidi, kwa sababu karanga huchacha.

Mkatie mama vipande vyembamba, kama nusu ya unene wa kidole, na umwachie muda wa kutafuna, kwani inateleza na mzee anaweza kumeza kabla hajawa tayari. Akila vizuri, muulize shangazi wa Isoka alitumia majivu ya kitu gani. Kila nyumba ilikuwa na yake, na hilo mimi siwezi kukuambia, yeye anaweza.